Kunya Hunya Mvua

Kiswahili nilichoingia nacho Amu kilikuwa cha shambani. Nilikiokota kwa wachuma kahawa na wakama ng'ombe waliokuja kutibiwa katika hospitali ya misheni nilikofundishwa uuguzi, huko bara. Kwa watu wale hapakuwa na mzunguko. Ulimuuliza mtu kama amekunya, akakujibu amekunya au hajakunya, mkaendelea na mengine. Vitabu vyetu vilikuwa vya Kiingereza, na humo kila jambo la mwilini lilikuwa na jina refu ambalo hakuna mgonjwa aliyelijua. Sikujua kama kati ya jina lile refu na lile la shambani kuna jingine lolote.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na serikali ilikuwa ikituchanganya: vijana wa bara wakipelekwa pwani, wa pwani wakipelekwa bara. Mimi nikapewa Amu, kisiwani. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, Mkristo wa kijijini, na bahari nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Nikapanga chumba mtaa wa Wiyoni, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, kwa mjane mmoja aliyeshona kofia. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na mchache wa maneno. Siku ya kwanza alinionesha chumba, akanionesha birika la maji na kata yake, akanionesha choo kwa kidevu tu bila kukitaja, kisha akarudi kwenye sindano yake. Nilidhani hanipendi.

Wodi ya wanawake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha makubwa, na vitanda vilikuwa vimekaribiana hivi kwamba mgonjwa akikohoa, jirani yake humwambia pole bila kuinua kichwa. Asubuhi yangu ya kwanza nilipita na karatasi mkononi kama nilivyofundishwa. Nikaanzia kwa mama mmoja wa Kipungani, msukaji wa mikeka, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyeletwa kwa homa. Nikasimama miguuni pake, nikasema kwa sauti ya kusikika, kwa sababu sauti ya kusikika ndiyo tuliyofundishwa:

"Mama, umekunya leo?"

Mama yule alinitazama kama niliyemmwagia maji. Akavuta leso yake, akajifunika uso, akageukia ukutani. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Wodi nzima ikanyamaza. Mwanamke aliyekuwa akimlisha binti yake uji aliacha kijiko hewani. Nikaenda kitanda cha pili, nikauliza swali lile lile, nikajibiwa kwa mgongo. Cha tatu, mgongo. Kabla ya adhuhuri wawili walikuwa wameomba ruhusa ya kurudi makwao, na kila mmoja alisema amepona, ilhali nilipowagusa paji la uso walikuwa wakiwaka.

Nilirudi Wiyoni nimechoka, nikisema moyoni kwamba watu hawa wana kiburi. Mwenye nyumba wangu alikuwa amekaa mkekani, kofia gotini. Hakuniangalia.

"Mwanangu," alisema, "yeo nimesikia wauliza watu khabari za mvua."

"Mvua ipi, Bi?"

"Si weye uliyemuuliza mtu mzima iwapo amekunya?"

Nikasema ndiyo, niliuliza, ni kazi yangu kuuliza.

"Kunya hunya mvua, mwanangu. Mtu huenda haja."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. Kisha akanifanyia nafasi mkekani, akapiga kiganja pale aliponitaka nikae. Ndipo nilipojua kwamba hakuwa na chuki nami hata kidogo.

Jioni ile na nyingine nyingi zilizofuata, alinifundisha. Hakuwa mwalimu wa kueleza. Alisema neno, akashona, akalisema tena ndani ya habari nyingine. Haja ndogo ni ya maji, yeye aliyaita mai. Haja kubwa ni hiyo nyingine. Mtu mwenye tumbo baya haharishi, huendesha. Asiyepata haja amefunga choo. Haja ndogo, wanaume waliosoma chuo cha Kurani wao huiita kutabawali, lakini hilo niwaachie wenyewe. Mwanamke hana mimba, ni mja mzito, na siku yake ikifika hazai, hujifungua. Na msichana akiniambia kwamba leo hasali, ni siku zake za mwezi, nisimhubirie. Hapo nilikiangalia kidole changu cha mguu, kwa maana wiki ile ile msichana mmoja alikuwa ameniambia kwa sauti ndogo, "Dada, mimi sisali," nami nikamwambia asali tu, Mungu atamsaidia.

Bi alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kicheko cha puani, kifupi.

Lakini maneno pekee hayakutosha kwake. Alinifundisha na namna ya kuyafikisha.

"Huanzi na tumbo," aliniambia. "Mtu si gunia, uliingilie tumboni. Huanza na salamu. Kisha usingizi, umelalaje. Kisha chakula, umeonja nini. Ukifika tumboni mwenyewe ataka akwambie."

"Na nikae wapi?"

"Karibu na kitwa. Miguuni hukaa nani? Miguuni hukaa mwenye kuosha maiti."

Nikamuuliza habari za upepo, ule wa tumboni, unapotoka. Akaweka sindano chini.

"Huo haunenwi," akasema. "Mwenye nao huondoka akenda zake."

"Na kama hawezi kuondoka, Bi?"

"Basi walioko huondoka wao, iwapo wana adabu."

Nilirudi wodini nikijihisi mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na kichwa cha yule mama wa Kipungani, nikamsalimu, nikamuuliza alivyolala. Akajibu akiwa bado ameukabili ukuta. Nikamuuliza kama uji ulipita. Ulipita kidogo. Kisha nikainama, nikasema chini chini, "Na haja, mama, yapatikana?"

Akageuka. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Akanishika mkono.

"Yapatikana, mwanangu. Yapatikana kupita kiasi. Na ndani yake mna nyekundu."

Siku zote zile alikuwa akitibiwa homa. Alikuwa akijikokota hadi chooni usiku, akishika ukuta, wala hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza swali analoweza kulijibu mtu mwenye heshima zake. Nikamwita daktari, dawa ikabadilishwa. Alipopata nguvu aliniachia pale kitandani kipande cha mkeka mdogo alichokisuka kwa ukindu ulioletwa na mwanawe. Nilikuwa nacho kwa miaka mingi, mpaka panya walipokimaliza.

Daktari wetu naye alikuwa mtu wa bara, kijana, mwenye miwani na mikono mikubwa. Alikuwa mpole, lakini aliongea na wagonjwa kana kwamba wote ni viziwi. Nilipomwambia habari za haja na kunya alitikisa kichwa, akasema ni vizuri, nami niendelee kumwulizia. Yeye aliendelea na maneno yake.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa mazito. Makuti yetu yalivuja, na Bi aliweka masufuria sakafuni kukinga matone. Asubuhi moja nilitoka chumbani kwangu nikakuta sufuria zimejaa na zinamwagika. Hilo peke yake lilinitosha. Mwanamke yule hakuwahi kuacha sufuria imwagike.

Nikasimama nje ya mlango wake, nikabisha hodi. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nikamkuta amejikunja kitandani, beseni pembeni, na harufu ya matapishi. Nikakaa karibu na kichwa chake.

"Umelalaje, Bi?"

"Sikulala, mwanangu."

"Umeonja chochote?"

"Nikionja charudi."

"Haja yapatikana?"

Akafumba macho. "Tangu juzi hapana. Wala hapana chochote kile."

Nikaelewa hicho "chochote kile" ni nini, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba alikuwa amekaa nami jioni zote zile. Tumbo lake lilikuwa limejaa kama ngoma. Nilipoligusa alishusha pumzi lakini hakulia.

"Bi, maumivu yalianzia wapi?"

Mvua ikaanguka juu ya makuti. Nikauliza tena, taratibu zaidi.

"Pahali hapo hapana jina," akasema.

"Basi usipataje jina. Chukua mkono wangu, uuweke."

Kisha akaushika mkono wangu, akaupeleka juu ya leso yake mpaka pale paja linapokutana na tumbo, akaubana hapo. Chini ya nguo niligusa kitu kigumu, cha moto, ukubwa wa yai la kuku. Alikuwa nacho, alinieleza baadaye, tangu alipojifungua mwanawe wa mwisho, na mwana huyo sasa alikuwa mtu mzima anayefanya kazi Mombasa. Miaka yote hiyo kilikuwa kikitoka na kurudi, naye akikisukuma ndani kwa kiganja chake, hakumwambia mume wala mkunga wala dada yake. Sasa kilikuwa kimetoka, kikakataa kurudi.

Nilijua ni nini. Ilikuwa ngiri, utumbo umenaswa katika tundu na unakosa damu. Nikamwambia lazima twende hospitali saa ile.

"Daktari ni mwanamume," akasema.

"Ni mwanamume, Bi."

"Ataniuliza."

"Hatakuuliza. Nitamwambia mimi."

"Mbele za watu?"

Nikasema nitamwambia kwa Kiingereza. Akafungua macho.

"Kwa Kizungu pahali hapo pana jina?"

"Pana. Na ugonjwa wenyewe una jina."

"Jina la adabu?"

Nikafikiri, nikasema kweli: "Halina adabu wala halina utovu wa adabu. Ni jina tu."

"Basi mwambie kwa Kizungu," akasema. "Kizungu si changu. Hakitanitia haya."

Majirani wanne walimbeba kwa kitanda chake cha kamba, kipande cha turubai juu yake, mpaka hospitali. Mbele ya wodi nzima nilisimama na daktari nikamweleza kwa Kiingereza kila kitu, mahali, ukubwa, tangu lini, na kwamba hakuna kilichopita tangu juzi. Bi alikuwa akinitazama mdomoni. Maneno yale marefu ya vitabuni, ambayo nilidhani kazi yake ni kutufaulisha mitihani, siku ile yalimfunika mwanamke yule kama shuka.

Daktari alitaka apelekwe Mombasa kwa ndege. Ujumbe ukapelekwa, jibu likaja: uwanja wa Manda ulikuwa tope tupu, ndege haiwezi kutua, tungoje kesho au keshokutwa. Daktari akatoka nje barazani, akavua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe, akaivaa tena. Nilimfuata.

"Hii nimeifanya nikiwa na mwalimu wangu kando," aliniambia. "Peke yangu sijaifanya."

"Akingoja kesho?"

"Akingoja kesho hatakuwepo."

Basi akamrudia Bi. Na hapa namshukuru kijana yule, kwa sababu alikuwa na hofu wala hakuificha kwa ukali, kama wengi wafanyavyo. Aliinama akasema, kwa Kiswahili chake cha bara, "Mama, nitakukata hapa kidogo, nitoe ule utumbo mahali umefungwa. Ukikataa sitakulazimisha." Bi akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema ana ombi moja, nami nikalifikisha: afunikwe mwili mzima, pabaki pale pa kisu tu, na uso wake ufunikwe pia kwa leso yake mwenyewe ili asimwone anayemwona. Daktari akakubali. Uso akauachia leso, tena akaniambia nisimame upande wa kichwa nimshike mkono kwa muda wote, mtu mwingine atampa vyombo. Alimchoma sindano ya ganzi, wala hakulala. Nilimsikia chini ya leso akisoma Kurani, sauti haikukatika, mpaka daktari aliposhona nyuzi za mwisho. Mimi nilisema Baba Yetu mara nyingi kuliko nilivyopata kuisema kanisani. Utumbo ulikuwa umebadilika rangi lakini ulikuwa hai. Daktari aliungoja, akaukanda kwa kitambaa chenye maji ya moto, nasi sote tukautazama ukirudi kuwa mwekundu. Nilimwona akitabasamu nyuma ya kitambaa cha mdomo.

Asubuhi iliyofuata kazi iliyobaki ilikuwa kungoja. Utumbo ulioumia hulala, na anayetibu hajui kama umeamka mpaka upepo upite. Kabla ya hapo mgonjwa hapewi hata maji. Hupakwa pamba ya maji midomoni. Daktari akaja, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mama, habari? Umejamba?"

Wodi ikanyamaza ule unyamavu niliokwisha kuujua. Bi akatazama dari.

"Alhamdulillahi," akasema.

Daktari akaniangalia. "Hiyo ni ndiyo ama ni la?"

"Sijui, daktari."

Jioni alirudi, akauliza vile vile, akajibiwa vile vile. Kesho yake asubuhi, vile vile. Sasa sura yake ilikuwa imeanza kubadilika. Aliniita pembeni, akaniambia kwamba ikiwa hakuna kinachopita mpaka kesho itabidi amfungue tena, na safari hii hana hakika kama mwili ule mwembamba utavumilia. "Wewe unakaa naye," akasema. "Muulize."

Lakini nimuulizeje? Maneno yote aliyonipa nilikuwa nayo, hilo tu ndilo alilolikataa. Kama ningesema neno la daktari, angesema Alhamdulillahi kwangu pia, na jambo baya zaidi, pengine asingeniambia tena neno lolote. Nikakaa kitandani pake nikimpaka pamba midomoni. Midomo ilikuwa imepasuka. Aliniuliza kama sufuria kule nyumbani nazimwaga. Nikamwambia nazimwaga.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kuinuka wala kulowesha kidonda, alikuwa akitayamamu, akitia udhu kwa udongo badala ya maji. Ndugu yake alikuwa amemletea sinia ndogo ya udongo mkavu uliochekechwa, na kila wakati wa sala nilimsogezea sinia, akapiga viganja juu ya udongo, akapaka uso, akapaka mikono, kisha akasali akiwa amelala, kwa macho na kidole. Mimi niliondoka kila mara nikamwachia faragha yake, nikarudi baadaye kuiondoa sinia.

Adhuhuri ya siku ile muadhini aliadhini, nikamsogezea sinia. Akatayamamu. Nikachukua sinia nikaenda kuiweka dirishani. Nilikuwa sijafika dirishani aliponiita.

"Mwanangu. Nirejeshee ule udongo."

Nikadhani hakupata wa kutosha. "Umepungua, Bi?"

"Haukupungua." Alikuwa ameukaza uso kama mtu anayehesabu mishono. "Tayamamu imetanguka."

Nilimpa sinia. Akapiga viganja upya, akapaka uso, akapaka mikono. Nami nikasimama pale kama mjinga, mpaka likaniingia. Nilikuwa nimekaa kwake mwaka mzima, na mara ngapi nilimwona akiwa ameketi mkekani akingoja sala, akainuka ghafla bila kusema, akarudi birikani kutia udhu tena. Sikupata kujiuliza ni kwa nini. Udhu hutanguka kwa mambo machache yanayojulikana. Hakuwa amesinzia, hakuwa ameinuka kitandani. Lilibaki moja, ule upepo usionenwa.

"Bi," nikasema, nikiwa na hofu ya kuharibu, "nimwambie daktari kwamba tayamamu ilitanguka?"

Aligeuza macho, akaniangalia, na pembeni ya mdomo ule uliopasuka nikaona kitu kama kicheko.

"Mwambie," akasema. "Kwa Kizungu."

Nilikimbia. Daktari alikuwa nyumbani kwake akila, nikaingia bila hodi, nikamwambia kwa Kiingereza, kisha nikamweleza habari ya udongo. Aliweka kijiko chini. Akanikodolea macho, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani, na nilipomtazama vizuri nikaona kwamba yale aliyokuwa akiyafuta si ya kicheko peke yake. Akanawa mikono, akaja nami.

Safari hii hakusimama miguuni. Alivuta kigoda changu, akakaa karibu na kichwa, akashusha sauti.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, Bwana daktari."

"Umelalaje?"

"Nimelala vyema."

"Nasikia umetayamamu mara mbili."

"Naam," akasema Bi, na ilikuwa sauti ya mtu anayepokea mgeni nyumbani kwake. "Mola amesahilisha."

"Basi unywe maji," daktari akasema.

Nilimwinua kichwa, nikamnywesha kwa kijiko. Sijaona mtu akinywa maji namna ile. Kila tone alilikalisha kinywani kwanza. Kitanda cha pili kuna mama alianza kulia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Tangu siku hiyo daktari yule alikuwa akiwauliza waliopasuliwa kama udhu ungalipo, na kama umetanguka alifurahi wazi wazi, na wanawake wakawa wanampenda. Hata wavuvi wa Pate walimjibu bila kugeukia ukuta.

Bi alirudi nyumbani akiwa amekonda zaidi, akakuta sufuria ziko kavu na zimepangwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzipanga upya.

Mwisho wa mwaka nikapata likizo, nikaenda kwetu. Mama yangu mzazi alikuwa amelala kwa maumivu ya mgongo, hainuki bila kusaidiwa. Wake za kaka zangu walimhudumia vizuri, lakini nilipofika walinipisha, mimi ndiye muuguzi. Nikavuta kigoda. Nikakaa karibu na kichwa chake. Nikamuuliza kwa lugha yetu alivyolala. Nikamuuliza alichoonja. Halafu nilipotaka kuendelea, nikakwama. Katika lugha ya mama yangu nilikuwa na neno la mtoto, lile unalomwambia mtoto ukimkalisha uani, na nilikuwa na neno la kutukanana njiani. La tatu sikuwa nalo. Nilikuwa mtu mzima wa kuajiriwa na serikali, na sikujua namna ya kumuuliza mama yangu kama haja inapatikana.

Aliniona nimefungua mdomo, hakuna kinachotoka. Akaelewa mara moja.

"Unataka kuniuliza kama nimeenda kutazama mbuzi," akasema.

"Kutazama mbuzi?"

"Mtu mzima kwetu huenda kutazama mbuzi."

"Na akiwa na tumbo la kuendesha?"

"Mbuzi wametoroka."

"Na akifunga choo?"

"Mbuzi wamelala." Akajisogeza kidogo juu ya mto. "Wangu wamelala tangu juzi."

Tulicheka mpaka mgongo wake ukamuuma, nikamwambia asicheke, tukacheka tena. Kisha nikamuuliza kwa nini hakunifundisha maneno yale.

Akajifuta macho. "Ulikwenda shule ya bweni ukiwa hujanifikia kifuani," akasema. "Maneno yale binti hupewa akishakuwa mkubwa, jioni, akikaa na mama yake wakichambua maharagwe. Ulipokuwa mkubwa hukuwepo." Halafu akanishika kidevu, akanigeuza uso nimtazame. "Lakini umekaa kichwani, si miguuni. Umeanza na usingizi. Hayo nani amekufundisha?"

Nikamwambia habari za Bi, zote, mpaka za udongo. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alimwita mke wa kaka yangu, akamwambia alete kibuyu cha asali kilichokuwa kimefichwa chini ya kitanda, ile asali nyeusi ya msituni ambayo hakuwapa hata wajukuu.

"Mpelekee huyo mama," akasema. "Mwambie alimaliza kazi yangu."

Nilikibeba kibuyu kile mapajani kwa basi na kwa mashua mpaka Amu, nikaogopa kulala kisije kikamwagika. Nilipompa Bi na kumfikishia salamu, alikipokea kwa mikono miwili. Kisha akataka nimweleze kila alichosema mama yangu, neno kwa neno, na nilipofika kwenye mbuzi akaniomba nimfundishe neno lenyewe kwa lugha yetu. Likamshinda ulimi. Akalijaribu tena na tena, kofia ikiwa imemwangukia mguuni, mpaka akalipata nusu, na nusu hiyo ikamtosha.

Nilikaa kwake mpaka nilipohamishwa, na hata baada ya hapo nilikuwa nikienda kumsalimia kila nilipopata likizo fupi isiyonifikisha bara. Kila nilipoingia, kabla sijaketi, alikuwa akiniuliza kwa lugha ya mama yangu, kwa lafudhi ya Amu, kama mbuzi hawajambo. Nami nilimjibu kwamba hawajambo, wote wako malishoni.